IP ya kudumu kwenye modemu ya laini: tunatibu ugonjwa gani?

Mwenye ghala la samaki pale Mwaloni, Kirumba, Mwanza, akitaka kuona kwenye simu yake nyuzi joto za chumba cha ubaridi kilichoko Nansio, kisiwani Ukerewe, mafundi watatu watampa jibu moja: "Mzee, lipia IP ya kudumu," yaani anwani ya mtandaoni isiyobadilika. Kulipia ni kila mwezi, juu ya bando. Jibu hilo si la kitapeli, ila mara nyingi ni dawa ya ugonjwa mwingine.

Modemu ya laini, ile inayopata intaneti kwa laini ya simu, ikiwashwa kule Ukerewe haina anwani yoyote. Inajitambulisha kwa mtandao, laini inakaguliwa, kisha inapewa anwani ya IP kutoka kwenye akiba ya kampuni ya simu. Umeme ukikatika, au mawasiliano yakipotea kwa muda, ikirudi huweza kupewa nyingine. Ndiyo anwani ya kubadilika, na ndiyo inayobebeshwa lawama zote: jana kamera ilionekana, leo haionekani. Lakini kama kosa lingekuwa kubadilika tu, DDNS, huduma ya kuipa modemu jina lisilobadilika, ingetosha: modemu inatoa taarifa kila ikipata anwani mpya, na jina lilelile linaelekezwa huko. Fundi anaweka DDNS, na kamera bado giza.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Kumbuka S.L.P. ya shule. Wanafunzi mia tano, sanduku moja. Ukimwandikia mjomba barua, karani anaandika kwenye daftari kwamba umeandika, na jibu likija anajua ni lako. Ikija barua ya mtu usiyemwandikia, haina jina lako, karani ataitupa. Mitandao mingi ya simu inafanya hivyo hivyo: modemu inapewa anwani ya ndani, na watu wengi wanatoka nje kwa anwani moja ya umma. Fungua ukurasa wa modemu yako. Ukikuta anwani inayoanza na 10, au iliyo kati ya 100.64 na 100.127, uko ndani ya sanduku la shule. Simu ya mzee aliyekaa Kirumba ni barua isiyotarajiwa.

Kampuni hazifanyi hivyo kwa ubahili. Anwani za IPv4, mfumo wa anwani tunaouzungumzia hapa, ni takriban bilioni 4.29 kwa dunia nzima, hazitoshi hata mtu mmoja mmoja. Februari 2011 IANA, msimamizi wa anwani hizi duniani, iligawa mafungu ya mwisho kwa taasisi za kanda. Sisi tunahudumiwa na AFRINIC iliyoko Mauritius, na tangu Januari 2020 haitoi zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Basi anayetaka anwani ya umma awe peke yake, kwa sababu ya kipimajoto kimoja, anaomba kitu adimu kweli.

Na akishaipata? Amefungua mlango unaotazama dunia nzima. Kuna programu zinazopita anwani zote usiku na mchana zikigonga. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na rauta kwa mamia ya maelfu, kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo hakuna aliyezibadilisha. Na hata wasipoingia, kila hodi inayofika kwenye modemu ni data, na kwa kawaida data hiyo inakatwa kwenye bando lako. Unalipia mgeni agonge.

Kwa hiyo geuza mwelekeo: modemu ndiyo ianze kuandika barua. Ifungue VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti, kwenda kwenye seva, kompyuta inayowaka muda wote, na simu ya mzee iende kwenye seva hiyohiyo. Karani ana tabia ya kusahau akikaa kimya, ndiyo maana watumiaji wengi wa WireGuard, aina mojawapo ya VPN, huweka ishara ndogo kila sekunde 25. Watu wanasema hiyo inakula bando. Tupige hesabu. Ishara moja ni baiti 60 pamoja na vichwa vyake. Kwa siku ni ishara 3,456, yaani kama KB 207. Ongeza kutambuana upya kila dakika mbili hivi, mwezi mzima haufiki MB 15. Anwani ibadilike mara kumi kwa siku, seva haijali. Inapokea tu salamu kutoka mahali papya.

Sasa upande wa pili, maana upo. Kuna vifaa vya zamani vya kupimia maji au umeme visivyojua kuanza mazungumzo, vinasubiri kuulizwa. Kuna benki na ofisi zinazoruhusu anwani zilizoorodheshwa tu. Hao wanahitaji anwani isiyobadilika, na mwenye pampu nyingi anaweza kuomba APN ya binafsi, yaani mlango wake mwenyewe ndani ya mtandao wa kampuni ya simu, ambamo kila laini ina anwani yake ya kudumu lakini ya ndani, isiyoonekana nje. Hii ndiyo sura ya IP ya kudumu ninayoiheshimu, na ndiyo isiyotajwa sana dukani. Watu wanadhani "ya kudumu" na "ya umma" ni neno moja. Nimeona mtu akilipa miezi kadhaa kwa anwani ya kudumu iliyokuwa ya ndani, akiwa Igogo anaigonga kwa simu ya kawaida na kushangaa kwa nini haiitikii.

Tena njia ya VPN haikwepi anwani ya kudumu kabisa, inaihamisha. Seva lazima ijulikane ilipo, na seva ikizima vyumba vyote vya ubaridi vinapotea kwenye simu kwa pamoja. Huo ni udhaifu wa kweli. Lakini ni anwani moja ya kulipia na mlango mmoja wa kulinda, badala ya, tuseme, kumi na mbili zilizotawanyika visiwani ambako kufika tu ni nauli ya meli. Na mnara wa Nansio ukizima, ya kudumu na ya kubadilika zote zinalala. Siku hiyo mzee atampigia mlinzi amsomee kipimajoto.