Chuma cha kisu: pembe ya makali haipewi haki yake

Waulize wapenda visu ni chuma gani wanachokipenda, na wengi watakutajia S90V, M390 au kingine chenye vanadi nyingi, metali inayochanganywa ndani ya chuma. Sababu huwa moja: makali yake hukaa muda mrefu. Vyuma kama 52100, AEB-L na 14C28N huachwa mkiani, vikihesabiwa kuwa ni vya mtu aliyekosa uwezo wa kununua vingine. Hukumu hiyo naiona haina haki, ingawa hoja inayoibeba ina nguvu na inastahili kusikilizwa kwanza.

Ndani ya bapa la kisu kuna chembe ngumu ziitwazo kabidi, zinazotokea kaboni inapoungana na kromi, vanadi au niobi. Kwa kipimo cha Vickers, kabidi ya kromi ina ugumu wa kama 1,500, na ya vanadi hukaribia 2,800. S90V ina kaboni ya asilimia 2.3 na vanadi ya asilimia 9, na kabidi zake huchukua karibu sehemu moja ya tano ya chuma chote. Anayeshinda akikata maboksi, kamba na mazulia, vitu vinavyobeba vumbi na mchanga, atanufaika nazo bila shaka, na kwa kazi hiyo sina ubishi naye.

Tatizo linaanza pale ushindi wa kazi moja unapogeuzwa kuwa cheo cha chuma kwa kazi zote. Kipimo kinachonukuliwa zaidi, kile cha CATRA, shirika la Uingereza la utafiti wa visu, hukatisha kisu karatasi ngumu iliyochanganywa na silika (madini ya mchanga) asilimia 5, kisha huhesabu jumla ya milimita zilizokatwa. Silika husaga makali, kwa hiyo kipimo hicho huwapa alama nyingi wenye kabidi ngumu. Hakisemi lolote kuhusu makali kumeguka yakigonga mfupa, kujikunja yakibanwa kwenye mti, wala kuliwa na asidi ya matunda.

Na hata ndani ya kipimo hichohicho kuna jambo ambalo watu hulipita haraka mno. Larrin Thomas, mtaalamu wa metali aliyepima vyuma vingi kwa mtindo huo, alipochambua matokeo yake alikuta kwamba kupunguza pembe ya makali kwa digrii moja, ukihesabu pande zote mbili pamoja, huongeza ukataji kwa kiasi kinachozidi kidogo kile cha kuongeza ugumu kwa alama moja ya Rockwell, kipimo cha ugumu wa chuma kizima. Tulia hapo kidogo. Watu hubishana kutwa kama kisu fulani kina ugumu wa 60 au 62, na huku wamekinoa kwa digrii 40 kwa jumla. Wakikishusha hadi 30 watapata zaidi ya ambacho alama 10 za ugumu zingewapa, na hakuna anayeweza kukipandisha kisu kutoka 60 hadi 70 kikabaki kisu cha kutumika. Kabidi za vanadi nazo zina uzito wake katika hesabu hiyo: kila asilimia 1 inalingana na takriban digrii moja na nusu. Lakini asilimia hizo unazinunua, na hukaa ndani ya chuma kama zilivyo. Pembe iko mikononi mwako kila unaponoa.

Hapa ndipo vyuma vinavyodharauliwa vinapojitetea. Makali membamba yanahitaji chuma shupavu, kinachostahimili kupindwa na kugongwa bila kuvunjika. Kabidi zikiwa nyingi au kubwa, ufa hupata pa kuanzia. AEB-L kilibuniwa kwa ajili ya nyembe, yaani kwa ukingo mwembamba kuliko wa kisu chochote. Kina kaboni ya asilimia 0.67 na kromi ya asilimia 13, mizani iliyopimwa ili kabidi zibaki chache na ndogo sana. Ushupavu wake unaizidi S90V mara kadhaa. Unaweza kukinoa kwa digrii 20 kwa jumla na kikavumilia kazi ambayo ingeyamegua makali ya chuma chenye kabidi tele kwa pembe hiyohiyo.

Kunoa nako kuna uzito wake. Mawe mengi ya kunolea hutumia oksidi ya alumini, yenye ugumu wa kama 2,000 kwa Vickers, chini ya kabidi ya vanadi. Jiwe hilo hula chuma kinachozishika kabidi na kuziacha zenyewe bila kuzikata vizuri, na mnoaji hubaki akihangaika na ule ukingo laini unaojikunja upande wa pili. Almasi hulimaliza tatizo hilo, na siku hizi sahani za almasi si adimu tena. Wapenda vanadi wana haki ya kulisema hilo. Hata hivyo, mwenye 52100 hupitisha kisu mara chache kwenye jiwe la kawaida na makali yanarudi. Mtu anayenoa bila taabu hunoa mara kwa mara, na kisu chake huwa kikali siku nyingi zaidi kuliko cha yule anayeahirisha.

Kutu ndiyo kasoro ya kweli ya 52100. Kromi yake ni asilimia 1.5 tu, hivyo kinataka kufutwa na kupakwa mafuta.

Tangu 2021 kuna MagnaCut, chuma cha Thomas huyohuyo, ambacho kimeutikisa mgawanyo huu wote. Kina vanadi asilimia 4 na niobi asilimia 2, na mchanganyiko wake umepangwa ili kabidi za kromi zisibaki. Kwa hiyo kromi yake ya asilimia 10.7 hubaki ndani ya chuma chenyewe ikizuia kutu, na ushupavu haupotei. Mwenye uwezo wa kukipata na aliye na sahani ya almasi hajakosea.

Mimi nakichagua AEB-L kwa kisu cha kila siku, kikiwa kimepikwa vizuri, yaani kupashwa moto na kupozwa ili kiwe kigumu, na mhunzi anayekijua, kwenye ugumu wa 61 hivi, bapa jembamba nyuma ya makali, na pembe isiyozidi digrii 25 kwa jumla. Anayekata mazulia kwa riziki yake achukue S90V, na aanze kwa kuishusha pembe kidogo kidogo hadi atakapoona makali yameanza kumeguka.