Kilomita 37 za Bahari

Sisi tunaozungumza Kiswahili huku Katanga tumezoea kutazama mashariki na kusini. Malori yetu hupitia Kasumbalesa, na mtu akitaja bahari, mawazo yetu hukimbilia Dar es Salaam au Durban. Wachache hukumbuka kwamba nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yenye kilomita za mraba zaidi ya milioni 2.3, ina pwani yake yenyewe, ukanda wa kilomita 37 hivi kwenye Bahari ya Atlantiki, na kwamba ukanda huo wote umo katika jimbo moja, Kongo Central. Kwa maoni yangu, jimbo hilo limedhulumiwa kwa namna isiyosemwa sana: kila aliyelitawala ameliona kuwa njia ya kupitishia vitu, si nchi ya watu wanaoishi humo.

Jiografia ndiyo iliyoanza. Mto Kongo, ukishatulia kwenye Bwawa la Malebo mbele ya Kinshasa, huteremka mita 270 hivi kwa maporomoko yanayofuatana katika masafa ya kilomita 350, hadi unapofika Matadi, mji ambao jina lake kwa Kikongo ni mawe. Kutoka Matadi kushuka baharini, kilomita 150 hivi, meli hupita. Kupanda juu, hakuna chombo kinachopita. Wareno wa Diogo Cão, waliofika mdomoni mwa mto mwaka 1482, baadaye walipanda hadi maporomoko ya Yellala, wakakwama, wakachonga majina yao kwenye jabali na kurudi. Maandishi hayo yapo hadi leo, nami huyaona kuwa cheti cha kushindwa kilichoandikwa na walioshindwa wenyewe.

Lakini mawe hayakuwazuia kununua watu. Ufalme wa Kongo ulikuwa dola kamili, wenye makao makuu Mbanza Kongo, na mfalme wake Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491. Mwanawe, Afonso wa Kwanza, alimwandikia mfalme wa Ureno mwaka 1526 akilalamika kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiwakamata raia wake, hata watoto wa wakubwa na jamaa zake mwenyewe, na kwamba nchi ilikuwa ikibaki tupu. Huwa nashangaa barua hiyo haifundishwi shuleni kwa uzito unaostahili, maana mlalamikaji wa kwanza wa jambo hili hakuwa mgeni mwenye huruma; alikuwa mwenye nchi.

Kisha ukaja mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alihitaji tundu la kutokea baharini, akalipata: Wareno walibaki na Cabinda upande wa kaskazini na ukingo wa kusini wa mto hadi karibu na Matadi, naye akaachiwa kipande kilichobanwa katikati. Ndiyo sababu Mbanza Kongo, kitovu cha Wakongo wote, leo iko Angola, na mtu wa Matadi akitaka kwenda kuona mji wa wafalme wake hana budi kuvuka mpaka wa kimataifa.

Wazungumzaji wa Kiswahili nao wamo katika habari hii. Msafara wa mpelelezi Henry Morton Stanley ulioondoka Bagamoyo mwaka 1874 ulifika Boma, mji wa mtoni kati ya Matadi na bahari, Agosti 1877 ukiwa umepungua sana na watu wake wakifa njaa, na wengi wao walikuwa Waungwana, yaani watu huru, wa Zanzibar. Mwaka 1879 Stanley alirudi kwa kazi ya Leopold, akiwa tena na wapagazi kutoka Zanzibar, wakapasua mawe ya njia kutoka Vivi, karibu na Matadi. Wenyeji wakamwita Bula Matari, yaani mvunja mawe, na jina hilo likaja kuwa jina la serikali yenyewe. Sijui neno jingine linaloeleza utawala ule kwa ufupi kama hilo.

Kilichofuata kinajulikana. Boma ikawa makao makuu ya koloni tangu 1886 hadi miaka ya 1920. Reli ya Matadi hadi Kinshasa, iliyojengwa kati ya 1890 na 1898, iligharimu, kwa hesabu rasmi, maisha ya Waafrika 1,800 na Wazungu 132. Mwaka 1921 Simon Kimbangu, mhubiri Mkristo wa jimbo hilo, alihubiri kijijini kwake Nkamba kwa miezi michache tu kabla ya kukamatwa, akahukumiwa kifo, adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, akapelekwa Elisabethville, mji wetu huu wa Lubumbashi, akakaa gerezani miaka 30 hadi alipofariki mwaka 1951. Mabaki yake yalirudishwa Nkamba mwaka 1960.

Nikiwaza safari hiyo ya Kimbangu, nakumbuka safari nyingine iliyofuata mkondo huo huo. Mabwawa ya umeme ya Inga, la kwanza la 1972 na la pili la 1982, yako katika jimbo lake. Kutoka hapo zilivutwa nyaya za kilomita 1,700 hivi hadi Kolwezi, kwa ajili ya migodi ya shaba. Umeme huo ni wa aina isiyoweza kugawanywa njiani bila mitambo ghali ya kuubadili, kwa hiyo vijiji vingi vilivyo chini ya nyaya hulala gizani huku sauti ya umeme ikivuma juu ya mapaa. Mimi nikiwasha taa Lubumbashi, sioni aibu ya kusema kwamba nina deni kwa watu hao.

Sasa kuna Banana, kwenye mdomo wa mto, ambako ujenzi wa bandari ya kina kirefu ulizinduliwa mwaka 2022. Haja yake haina ubishi: meli kubwa haziwezi kupanda hadi Matadi, na mizigo mingi hulazimika kushushwa kwanza Pointe-Noire, nchi ya jirani. Lakini nina wasiwasi na namna inavyozungumzwa, kwa tani na makontena tu. Wavuvi wa Muanda na misitu ya mikoko iliyohifadhiwa tangu 1992, maficho ya nguva, hutajwa mwishoni kama kwamba ni vikwazo. Na ahadi za jimbo hili zina historia: Daraja la Matadi, lenye urefu wa mita 722, lilifunguliwa mwaka 1983 likiwa limesanifiwa kubeba barabara na reli ya kwenda Banana. Magari yanapita. Reli haijawekwa hadi leo.