Darubini Dodoma: tuanze na kioo au na dishi?

Kila kiangazi, anga la Dodoma linapokaa usiku mwingi mfululizo bila wingu, hoja ileile hurudi: kwa nini nyanda hizi za kati, zilizo zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, zisiwe na darubini ya utafiti? Wanaoitetea wana msingi mzuri. Mji uko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, hivyo katika mwaka mmoja mtazamaji huona karibu anga lote, Msalaba wa Kusini na Dubu Mkubwa pia, ilhali darubini kubwa ya Sutherland, Afrika Kusini, iliyozinduliwa mwaka 2005, haiwezi kuelekezwa kwenye sehemu kubwa ya anga la kaskazini.

Wanaopinga hujibu kwamba data tayari zipo. Orodha ya Gaia, chombo cha angani cha Ulaya kilichopima nyota, yenye nyota zipatazo bilioni 1.8, hutolewa bure, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma mwenye kompyuta anaweza kuichambua bila kununua hata skrubu moja. Ni kweli, ingawa anayechambua tu hajui kifaa kilikosea wapi.

Pingamizi ninaloliona zito zaidi ni vumbi. Mwezi Septemba, upepo ukivuma kutoka upande wa Bahi, meza iliyofutwa asubuhi huandikika kwa kidole jioni, na darubini yangu ndogo, hata ikiwa imefunikwa kitambaa, huonyesha pete za Zohali kama zilizo nyuma ya moshi. Kioo cha darubini ya utafiti, kinachokusanya mwanga wa nyota, hupakwa utando mwembamba wa alumini unaochakaa, na kuupaka upya kunahitaji tangi la ombwe, yaani lililoondolewa hewa, na fundi anayelimudu. Asipokuwepo fundi huyo, kioo cha mabilioni kitageuka pambo ndani ya miaka michache. Juu ya hayo, taa za mji zimezidi kuongezeka tangu Serikali ihamie hapa.

Kwa hiyo naona tuanze na darubini ya redio, inayonasa mawimbi kwa dishi, si ya kioo. Mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimeta 21, yanayotoka kwenye haidrojeni ya galaksi yetu, hupenya wingu na vumbi, mchana na usiku, na dishi la kipenyo cha meta moja au mbili, likiunganishwa na kipokezi cha bei nafuu, linatosha kuyanasa. Masafa yake, megahezi 1,420, yamo katika bendi iliyotengwa kimataifa kwa ajili ya elimu ya anga, ingawa bado itabidi dishi likae mbali na minara ya simu. Ghana ilipita njia inayofanana na hii: dishi la mawasiliano la Kuntunse, lenye kipenyo cha meta 32, liligeuzwa kuwa darubini ya redio na kuzinduliwa mwaka 2017. Wanafunzi watakaochomelea dishi lao wenyewe na kutafuta kelele, yaani mawimbi yasiyotakiwa, ndani ya kipokezi ndio watakaoweza, baadaye, kukabidhiwa kioo. Na bajeti ya kioo hicho, siku ikiandikwa, itaje mshahara wa fundi kabla ya bei ya darubini.