Bwawa la tope: kodi minye yetu ama viwango vya kimataifa?

Siku hizi sosiete za shaba zikikuja kuongea na watu zinapenda kutaja GISTM, vile viwango vya kimataifa vya mabwawa ya tope la migodi, na mtu wa komini ya Kenya ama Katuba hapa Lubumbashi anajiuliza ni vya kazi gani kama tuko na kodi minye, ile sheria ya migodi ya Kongo. Mimi nilikuwa nasema ni mapambo tu. Nimepunguza ukali, lakini kidogo.

Vilitoka Agosti 2020, baada ya bwawa la Brumadinho kule Brazil kupasuka Januari 2019 na kuua watu 270. Ndani kuna matakwa 77, na mawili ndio yananivutia: sosiete itaje bosi mmoja wa juu mwenye kujibu, halafu itangaze hadharani hali ya kila bwawa na hatari yake. Sasa shida, anafuata mwenye aliahidi. Kale kausine, kakiwanda kasikoahidi kitu, kako na bache yake, kabwawa ka maji chafu, nyuma ya nyumba za watu, na mvua ikinyesha GISTM haikahusu.

Kodi minye ya 2002, ile waliyoibadilisha 2018, inashika wote, mkubwa na mdogo. Kipengele 285 bis kinasema mwenye haki ya mgodi analipa uharibifu hata kama hakufanya kosa, na hiyo ni kali, kweli kabisa. Ila uende kudai, unaulizwa: unajuaje maji ilitoka kwake? Analizi ni pesa, nani analipa? (Zambia nao wako na sheria, na Februari 2025 bwawa la Chambishi lilipasuka, asidi ikaingia mto Kafue, Kitwe wakafungiwa maji.)

Na kuna mambo viwango hivyo havigusi, kama ile terili nyeusi, kile kilima karibu na shimine ya Gécamines, sosiete ya migodi ya serikali: ni uchafu wa kuyeyusha shaba tangu 1911, wenye baadaye ukarudishwa motoni ju ya kobalti.

Mukinilazimisha nichague, nachukua sheria, lakini naiba kwa GISTM ile ya kutangaza: matokeo ya maji ya kila bache yabandikwe ku komini, kila mwezi, kwa Kiswahili. Mama mwenye kulima lengalenga kando ya mufereji ajue kama leo anamwagilia ama anaacha.