Msongo wa kazi nao uandikwe

Tanga tunaijua kazi inayoumiza. Korona, zile mashine za kuchakata mkonge, zimekata watu vidole, na vumbi la chumba cha brashi, zinakosafishiwa nyuzi, limewaachia wazee wetu kikohozi kisichoisha. Hayo yanaonekana. Ila mtu akikosa usingizi wiki nzima kwa vitisho vya msimamizi na zamu zisizotabirika, anaambiwa avumilie. Hapo ndipo ninapokataa.

Jirani yangu hapa Ngamiani anafanya kazi kiwandani. Ilifika mahali moyo unamwenda mbio kila akikaribia geti. Daktari akampima presha, akaikuta juu, akamwandikia ED, yaani cheti cha kumpumzisha kazi kwa ugonjwa. Msimamizi aliikunja ile karatasi, akaitia kwenye droo, akamwambia nje kuna wengi wanaitaka nafasi yake. Dada wa watu akarudi kwenye mashine mchana ule ule.

Ile droo inaniudhi kuliko hata maneno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 ndani ya miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Anachodaiwa ni cheti cha daktari anayetambulika. Hadaiwi kuonyesha jeraha.

Tena kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwajiri akishapata taarifa, ajali anatakiwa kuiripoti huko ndani ya siku 7, na ugonjwa uliotokana na kazi ndani ya siku 14. Nakubali, kuthibitisha kwamba presha imeletwa na kazi si rahisi kama kuonyesha kidole kilichokatika. Ndiyo maana kumbukumbu za mapema zina thamani kubwa: zamu alizopangiwa, saa za ziada, tarehe aliyolalamika. Kuamua chanzo ni kazi ya madaktari na Mfuko. Msimamizi kazi yake ni kupokea na kufikisha.

Na kwa nini tungoje mtu aanguke? Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Za ziada zisizidi 50 katika wiki 4, tena kwa makubaliano. Wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wakija, waombe na ratiba ya zamu, wasiishie kwenye helmeti na buti.

Waajiri wa Tanga, anzeni na hili: kila ED inayopokelewa igongwe muhuri na tarehe, na mfanyakazi aondoke na nakala yake mkononi.