Baada ya kuondolewa titi, chumbani kuna tatizo lisilosemwa

Mwanamke akiruhusiwa kutoka wodini baada ya kuondolewa titi kwa saratani, huelezwa namna ya kutunza kidonda, mazoezi ya mkono na tarehe ya kliniki. Habari za chumbani hakuna anayezigusa. Mume anaogopa kumtonesha, mke anadhani amechukiwa, na lawama zote zinabebeshwa kovu.

Kovu lina mambo yake, lakini mengi ni mepesi. Kidonda kikishafunga, alalie upande usiopasuliwa, mto mdogo uwe chini ya mkono wa upande uliopasuliwa, na mume asimwegemee kifuani. Ganzi au michomo kwenye ngozi hutokana na mishipa ya fahamu iliyokatwa. Huweza kudumu miaka.

Kwa wengi, kinachovunja tendo la ndoa ni kidonge. Tamoksifeni, dawa ya kuzuia saratani isirudi, humezwa miaka 5 hadi 10, na waliokoma hedhi mara nyingi hupewa anastrozoli au letrozoli, ambazo hushusha estrojeni (homoni ya kike) sana. Ukuta wa uke unakuwa mwembamba, mkavu, unachubuka. Akishaumia mara moja, safari ya pili misuli inajikaza yenyewe kabla hajaguswa, na maumivu yanazidi. Hapo wapo wanaoacha dawa kimyakimya, na saratani hupata mwanya wa kurudi.

Ukavu unatibika. Wakati wa tendo, tumieni kilainishi cha maji, kingi, kwa wote wawili, na kuongeza kinapokauka. Zaidi ya hapo ipo jeli ya kuupa uke unyevu, inayotiwa kila baada ya siku 2 au 3 hata kama hakuna tendo. Mafuta ya nazi yanateleza vizuri, ila hupasua kondomu za mpira. Shabu, ndimu na sabuni za kunukia viwekwe mbali kabisa. Krimu ya estrojeni isinunuliwe bila daktari wa saratani kukubali.

Kukosa hedhi baada ya kemo (tiba ya dawa kali za saratani) si kinga ya mimba, na tamoksifeni inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Vidonge, sindano na vijiti vya uzazi wa mpango vina homoni, havimfai. Kitanzi cha shaba au kondomu vinamfaa.

Na aliyekwisha koma hedhi, akiona damu huku anameza tamoksifeni, asiseme ni mchubuko tu. Dawa hiyo huongeza uwezekano wa saratani ya mfuko wa uzazi, kwa hiyo aende akapimwe wiki hiyohiyo.