Beki wa Kakuma na miaka isiyosimuliwa

Akec Makur Chuot akitajwa, hadithi yake husimuliwa kwa pumzi moja. Alizaliwa sehemu ambayo leo ni Sudan Kusini, vita vikaifukuza familia, akakulia kambini Kakuma kule Turkana, akahamia Perth akiwa msichana mdogo, kisha akacheza footy, yaani kandanda ya Kiaustralia, katika ligi kuu ya wanawake ya Australia. Kambi, halafu uwanja. Magazeti ya huku Australia ninakoishi yanaipenda sana hadithi hiyo, na sisi Wakenya tunaipenda zaidi maana inatupa nafasi ya kudai kwamba huyo ni wetu. Mimi naona inaruka kipande chenye maana kuliko vyote: kipindi alichokuwa ameachwa na timu.

Kwa ambaye hajauona mchezo wenyewe: mpira una umbo la yai, wanawake hucheza kumi na sita kila upande, na badala ya goli lenye wavu kuna milingoti minne. Ukiupiga ukapita kati ya ile miwili ya katikati ni pointi 6, ukipita pembeni ni pointi 1. Anayedaka mpira uliopigwa umbali wa mita 15 au zaidi hupewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa. Hapo ndipo kazi ya beki inapoanzia. Mara nyingi hana haja ya kudaka, anachotaka ni kuruka pamoja na mshambuliaji na kuutia mpira ngumi kabla haujatua mikononi mwa mpinzani wake huyo. Ukikaa nyuma ya milingoti utaisikia ile ngumi, kavu, halafu miili miwili inaanguka kwenye nyasi zilizolowa. Akifaulu, mtangazaji ameshahamia kwingine. Akichelewa, ubao unasoma sita.

Basi Akec alikuwamo kwenye klabu ya Fremantle mwaka 2017, msimu wa kwanza kabisa wa ligi hiyo, ikiwa na timu nane tu. Hakudumu. Akahama upande mmoja wa bara hadi mwingine, akaja jimbo la Victoria kucheza ligi ya jimbo hilo akiwa na klabu ya Hawthorn, ligi ambayo watazamaji wake wengi ni jamaa za wachezaji na mbwa wao. Kisha klabu ya Richmond wakamchukua kwa msimu wao wa kwanza, 2020. Timu ile ilifungwa mechi zote sita! Hebu fikiria kuwa beki kwenye timu inayofungwa kila wiki, mpira unarudi kwako kabla hujafuta jasho, halafu corona inakuja na msimu unakatwa bila bingwa. Mwaka 2022 Hawthorn nao wakaingia ligi kuu, naye akawamo kwenye kikosi chao cha mwanzo.

Tazama vizuri. Klabu tatu, na kila moja ilimchukua ikiwa ndiyo inaanza. Timu zilitoka nane zikawa kumi, zikawa kumi na nne, na mwaka 2022 zikafika kumi na nane. Sisemi hakuwa na kipaji wala bidii, angekuwa hana asingerudi. Nasema kwamba alipofungiwa mlango mmoja palikuwa na pa kuchezea wakati anangoja mwingine ufunguliwe, na milango yenyewe ilikuwa inaongezwa.

Hapo ndipo ninapoona wivu wa uchungu kwa ajili ya nyumbani, maana vipaji tunavyo, hata kwenye soka letu. Vihiga Queens walibeba kombe la kanda ya CECAFA, yaani Afrika Mashariki na Kati, mwaka 2021. Mwaka uliofuata Simba Queens wa Dar walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kule Morocco. Watu wa kilele hatujawahi kuwakosa. Tunachokosa ni ile ligi ya katikati, ya kuchezea Jumapili bila kelele, ya msichana wa miaka 24 aliyeachwa na timu kubwa. Kwetu akiachwa ameachwa. Shangazi atamuuliza ataolewa lini, kaka atamtafutia kibanda cha mitumba, na viatu vitapewa mdogo wake.

Huku mitaani, magharibi mwa Melbourne ninakoishi, uwanja wa mtaa una taa, jioni ya baridi wasichana wanafanya mazoezi kwenye matope, baba mmoja anachora mistari, mama mwingine anauza soseji ndani ya mkate ili klabu ipate hela ya mipira. Hakuna anayelipwa. Ni harambee kabisa, isipokuwa hii haingoji mheshimiwa aje na bahasha.

Msinielewe kwamba huku ni peponi. Mwaka ule wa 2017 mchezaji wa daraja la chini kabisa alilipwa dola 8,500 za Australia kwa msimu mzima, na wenzake waliokuwa walimu na wauguzi walitoka zamu wakaenda mazoezini. Kufika 2022, baada ya wachezaji kukaza, kima cha chini kikawa dola 39,184. Ilikuwa afadhali, lakini kwa kodi za nyumba za mji huu bado ungeomba zamu. Na watoto wa huku hawachezi bure kama sisi tulivyocheza na gozi la makaratasi: kuna ada, sare, bima, na mzazi mwenye gari. Familia yenye watoto sita iliyofika juzi inachagua mmoja wa kucheza. Katika hilo nyumbani tuko mbele, mtoto wa Nakuru anahitaji kichochoro tu.

Lakini turudi kwa hilo la "wetu". Aliir Aliir, beki wa Port Adelaide aliyeingia kikosi bora cha taifa mwaka 2021 upande wa wanaume, alizaliwa Kakuma kabisa, na juu yake pia tumejipigia makofi. Ni wetu kweli? Kwa utaratibu wa kambi, mkimbizi huhitaji kibali kutoka hata kwenda mji wa Lodwar humo humo Turkana, sembuse Nairobi. Beki wa kike aliyebaki Kakuma, hata awe hodari namna gani, angeomba ruhusa ya maandishi ili kwenda kufanya majaribio na klabu ya ligi kuu yetu, kisha angeombwa maelezo ni kwa nini.

Kwa hiyo ndugu mnaonitumia picha yake kila anapoadhimishwa, na maneno "Kenya ipo juu", nina swali moja tu la kuwarudishia. Ligi ya wanawake ya daraja la chini katika kaunti yenu inachezwa uwanja gani, siku gani, na nani anachora mistari?